Kemo Inapiga Kansa, na Damu Je?

Wasee, kuna kitu hunikera hapa Tassia. Mtu akiwa kwa kemo, anapanda ngazi hadi ghorofa ya tano akipumzika kila mahali, halafu jirani ananong'ona: "Huyo ashakata tamaa." Wapi! Damu ndiyo imepungua. Mimi si daktari, na chuo niliacha, lakini hii stori nimeifuatilia, na sehemu yake kubwa ni ya huku kwetu.

Mwaka wa 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto pale Mulago, Kampala, mwenye uvimbe kwa taya pande zote. Mwaka uliofuata akachapisha ripoti kuhusu watoto kama huyo. Kisu hakikutosha, kwa sababu kansa hiyo huota sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 60, yeye kule Kampala na Peter Clifford hapa Nairobi, katika hospitali tunayoijua leo kama KNH, wakajaribu dawa. Moja iliitwa methotreksati. Kuna watoto ambao uvimbe wao uliyeyuka kwa siku chache tu, na wengine wakapona kabisa. Mwaka wa 1967, Mulago ikapata kituo chake cha kansa, na mpaka leo kiko.

Sasa, damu inaingiaje hapo? Maelezo ya kawaida ni haya: kemo hupiga seli zinazogawanyika haraka, na uboho wa mifupa, kiwanda cha damu, umejaa seli za aina hiyo. Ni kweli. Lakini seli nyekundu ikishatoka kiwandani haina kiini na haigawanyiki tena. Ungedhani iko salama, itazunguka siku zake kama 120 ikibeba oksijeni.

Haiko salama. Mwaka wa 2005, Florian Lang na wenzake huko Tübingen, Ujerumani, walikipa jina kifo cha seli hizi: eriptosisi. Baadaye wakazipima kwenye maabara na dawa za kansa, kama sisplatini. Mafuta fulani ambayo hukaa upande wa ndani wa utando wa seli yakajitokeza nje. Unajua ile X nyekundu huchorwa kwa jengo kabla ya tingatinga kufika? Ndiyo hiyo. Seli za ulinzi zikiona alama hiyo, zinaimeza seli yote.

Kwa hivyo mgonjwa anaweza kupigwa mara mbili: kiwanda kinazalisha kidogo, na zile seli ziko barabarani zinaondolewa mapema.

Hii si sababu ya mtu kutoroka dawa. Watoto wa Mulago walipona kwa hizo dawa. Ni sababu ya kuacha kusema mgonjwa ni mvivu ama hana imani. Akikuambia amechoka ama anakosa pumzi, muulize damu ilipimwa lini, na umsindikize kliniki. Na kama una miaka 16 na kilo 50 kwenda juu, na uko na afya, toa damu. Kuna mgonjwa wa kemo anaingojea ndio apande hizo ngazi.