Picha yenye ukungu: unatoka wapi na unazuiwaje

Mkulima wa Mwazye, wilayani Kalambo, akikuta majani ya mahindi yametobolewa, anaweza kupiga picha kwa simu na kuituma kwa bwana shamba bila kusubiri afike. Picha ikiwa safi, anapata jibu mapema. Ikiwa na ukungu, ataambiwa apige nyingine, na huku mdudu anaendelea kula. Katika makala haya tunaeleza ukungu wa picha unatoka wapi, upi unazuilika, na upi hauondoki tena.

Kwa nini picha safi ni muhimu shambani

Viwavijeshi vamizi, walioingia Tanzania mwaka 2017, hutambulika kwa alama mbili: mfano wa herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyokaa kama mraba karibu na mkia. Kichwa chenyewe, hata kwa kiwavi aliyekomaa, hakizidi sana milimita tatu. Picha ikififia kidogo tu, alama hizo zinapotea, na kiwavi huyo hatofautiki na funza wa mabua. Dawa nayo hufanya kazi vizuri zaidi kiwavi akiwa bado mdogo, kabla hajazama katikati ya majani machanga. Siku mbili za kutumiana picha zisizosomeka ni siku mbili za hasara.

Vyanzo vinne vya ukungu

Cha kwanza ni kukosa fokasi. Lenzi ya kamera huona vizuri kwa umbali fulani, na simu nyingi za kawaida hazioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita kumi hivi. Anayesogeza simu hadi kugusa jani anaharibu picha. Rudi nyuma kiasi cha kiganja kimoja na nusu, gusa kioo cha simu mahali alipo mdudu, subiri kidogo, kisha piga. Sehemu isiyohitajika utaikata baadaye.

Cha pili ni kutikisika. Kamera hupokea mwanga kwa muda mfupi, na chochote kinachosogea ndani ya muda huo huacha mchirizi. Mtu anayetembea hupita kama mita 1.4 kwa sekunde. Kamera ikipokea mwanga kwa sehemu ya 1/15 ya sekunde, kama inavyotokea ndani ya nyumba yenye giza, mtu huyo atakuwa amesogea sentimita tisa. Kwa 1/500 ya sekunde, juani, atakuwa amesogea milimita tatu tu. Ndiyo maana mwanga mwingi huleta picha kali. Penye giza, egemeza viwiko ukutani au mezani. Shambani, shika jani lisipeperushwe na upepo.

Cha tatu ni lenzi chafu. Katika uwanda wa Ufipa kiangazi kina vumbi, na asubuhi za baridi zina mambo yake: simu iliyopoa nje ikiingizwa katika jiko lenye moto na mvuke, unyevu hutanda juu ya lenzi. Iache dakika chache, kisha ifute kwa kitambaa laini. Alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuifunika picha nzima ukungu mweupe.

Cha nne ni pikseli chache. Picha ya simu ni vijidoa vya rangi vilivyopangwa kwa mistari. Tuseme umepiga cheti chenye ukubwa wa karatasi ya A4 kwa kamera ya pikseli 4,000 kwa urefu: herufi ya milimita mbili itapata pikseli kama 27. Programu ya kutumia ujumbe ikiibana picha hadi pikseli 1,600 ili kuokoa bando, herufi hiyo itabaki na 11 hivi, na tarakimu 3 na 8 zitaanza kufanana. Mtandao wa WhatsApp uliongeza mwaka 2023 chaguo la kutuma picha kwa ubora wa HD. Ukiituma kama hati, picha hufika ilivyo.

Ukungu wa kioo na runinga

Wakati mwingine picha ni nzuri ila kioo ndicho kikubwa mno. Video ndogo iliyopakuliwa kwa bando kidogo, ikitanuliwa kwenye ukuta wa kibanda umiza, lazima ififie, kwa kuwa pikseli zile zile zimetandazwa eneo kubwa. Katika runinga za analojia, mawimbi hafifu yalileta chenga. Tangu Tanzania ianze kuhamia dijitali, mwishoni mwa 2012, mawimbi hafifu huikata picha vipande vya mraba au kuigandisha.

Na kama maandishi yanafifia kwenye kila simu unayoishika, huenda tatizo ni macho. Kuanzia miaka 40 hivi, wengi hulazimika kuisogeza simu mbali ili wasome. Miwani ya kusomea husaidia, baada ya kupimwa.

Je, ukungu unaweza kufutwa?

Kwa kiasi kidogo tu. Programu inaweza kukoleza kingo, lakini taarifa ambayo kamera haikuipokea hairudi. Programu za akili mnemba hukisia kilichopotea, na kisio hilo huonekana safi kabisa. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox, katika kubana hati zilizoskaniwa, ziliweza kubadilisha tarakimu, kwa mfano 6 ikawa 8, bila ukungu wowote. Kwa namba ya kitambulisho, ya akaunti au ya mtihani, usitegemee picha iliyosafishwa. Piga upya, au rudi kwenye karatasi yenyewe.

Ukungu wa makusudi

Wengine hutia ukungu ili kuficha sura ya mtoto au namba ya simu kabla ya kusambaza picha. Ukungu mwepesi hauaminiki, kwa sababu tarakimu ni kumi tu na programu inaweza kuzijaribu zote hadi ipate inayolingana. Funika kwa rangi moja nzito isiyopenyeka, au kata kabisa sehemu hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu, na picha iliyokwisha kusambaa hairudishwi kwa kufutwa kwenye simu moja.