Wali, Tambi na Dhamana: Kula Nje Guangzhou tangu Khanfu hadi Zhongda

Mwezi wa Oktoba 2023 nilikwenda Guangzhou, kusini ya China, nikifuatana na bint ndugu yangu anayefanya biashara ya vitambaa Muscat. Kazi yake ilikuwa Zhongda, mtaa wa wilaya ya Haizhu ulioitwa kwa jina la kifupi la Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Upande wa pili wa barabara kuna soko la vitambaa lenye maelfu ya maduka, na nyuma ya soko kuna vijiji vilivyomezwa na mji, Kangle na Lujiang, ambako cherehani hazilali. Mimi sikuwa na haja ya kitambaa. Nilitaka kuuona mji ambao mabaharia wa Oman na Siraf waliuita Khanfu. Lakini kila ikifika adhuhuri, taarikh yote ilikuwa ikipungua ikawa swali moja: tutakula wapi?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko nilivyodhani. Wanavyuoni wa Kiibadhi wamehifadhi jina la Abu Ubayda Abdallah bin al-Qasim, mfanyabiashara wa Oman aliyesafiri China katikati ya karne ya 8, na kwa hakika alikula huko, lakini chakula chake hakikuandikwa. Khabari za chakula tunazipata katika Akhbar al-Sin wa-l-Hind, kitabu cha mwaka 237 wa Hijria (851), kilichokusanya maneno ya wafanyabiashara wenyewe. Humo tunaambiwa kuwa watu wa China chakula chao ni mchele, na pengine hupika kushani wakaimimina juu ya wali. Tunaambiwa pia juu ya jani chungu linalouzwa kila mji na kunywewa kwa maji ya moto, ambalo sisi leo tunaliita chai. Na tunaonywa kuwa nyama yao haichinjwi.

Nisimame kidogo kwenye neno hilo kushani, maana lilinifurahisha kuliko minara yote niliyoiona. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mti, na juu yake vyombo vya kushani, yaani kitoweo: kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni paliwekwa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Neno ni lile lile, na namna ya kula ni ile ile, katika ncha mbili za bahari moja, miaka mia tano baina yao. Msafiri wa baharini alikuwa na msamiati wa mezani alioubeba kila bandari, akitafuta kile anachokijua ndani ya kile asichokijua. Bint ndugu yangu naye hufanya hivyo hivyo: tambi za Kichina huziita sharba mpaka zimthibitishie vyengine.

Ibn Battuta ndiye mhukumu wetu mkubwa wa chakula, tena mkali. Mogadishu alishangaa kuwa mtu mmoja hula chakula cha watu wengi. Mombasa aliandika kuwa chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na nafaka huletwa kutoka nje. Kilwa hakutaja chakula, ila alituachia jambo la maana zaidi: kuwa Sultani Abu al-Mawahib alikuwa akikaa na mafakiri na kula nao. Kwa upande wa China, kitabu chake kinasema kuku ni wakubwa kuliko mabata bukini wa kwao, na kinaonyesha karaha juu ya nyama ya nguruwe na mbwa sokoni. Wako wanahistoria wasioamini kuwa alifika China, na hoja zao si za kudharauliwa. Hata hivyo, aliyefika na aliyesikia wote wawili hueleza desturi ile ile. Katika Sin Kalan, ambayo ndiyo Guangzhou, anasema alikaa siku kumi na nne nyumbani kwa Awhad al-Din wa Sinjar, tajiri wa Kiislamu, akiletewa zawadi na kadhi na wafanyabiashara, na kila siku karamu. Msafiri mkubwa kuliko wote, katika mji wa mbali kuliko yote, hakula nje. Alikula kwa mtu.

Wazee wetu wa Unguja wangelimuelewa. Katika utoto wangu, miaka ya 1950, mtoto wa nyumba kuonekana akila hotelini ilikuwa ni kuitangaza nyumba yake kuwa haina jiko. Kahawa ya barazani haikuwa na neno, na mishikaki ya Forodhani ililiwa kwa kisingizio cha kupunga upepo. Lakini kukaa kwenye meza, kuagiza na kulipa, hiyo ilikuwa kazi ya wageni na wasio na jamaa. Bibi yangu alikuwa na hoja moja tu, na sikuipatia jawabu mpaka leo: chakula usichomjua aliyekipika unakilaje? Nilipokwenda kusoma Cairo nikalazimika kula fuli barabarani siku ya kwanza, nilijihisi kama niliyetoka bila ya kofia.

Basi na tuje Zhongda. Wafanyakazi wengi wa Kangle wametoka mkoa wa Hubei, na vichochoro vyake hula kama Hubei: tambi za moto zilizochanganywa na rojo la ufuta, na nguruwe karibu kila sufuria. Muislamu hupita akikaza macho mbele. Wenye nafasi hupanda treni ya chini ya ardhi kwenda kaskazini ya mto, Xiaobei, kwenye migahawa ya Kiarabu, ya Kituruki na ya Wauighur. Lakini mwenye marobota ya kuhesabu hana muda huo. Kimbilio lake ni duka la tambi lenye kibao cha herufi mbili za Kichina, qingzhen, yaani safi na kweli, ambazo ndizo alama ya chakula halali China nzima. Kibao husema Lanzhou, lakini wenye maduka haya wengi ni Waislamu wa kaumu ya Hui kutoka Hualong, mkoa wa Qinghai.

Tulipoingia, mwenye duka alitutolea salamu kwa Kiarabu kabla hajatuuliza tunataka nini. Alilikamata donge la unga, akalivuta, akalikunja, akalivuta tena, mpaka likawa nyuzi, na kabla sijamaliza kuvaa miwani zilikuwa zimeshaiva. Hukumu yangu, kwa kuwa nimetakiwa niitoe: supu ya ng'ombe ni nyepesi lakini ya kweli, figili inaipendeza, kotmiri haikufanyiwa ubakhili, na nyama imekatwa nyembamba hata mtu angeweza kuisomea gazeti. Upungufu wake ni ndimu. Badala yake huletwa siki nyeusi, ambayo ni kitu chengine kabisa. Bint ndugu yangu akatoa kwenye mkoba chupa ya achari ya ndimu aliyotoka nayo Muscat, akaiweka mezani bila ya haya. "Ami," akaniambia, "hapa kila mtu huja na yake."

Mama mmoja wa Mombasa, mteja wa siku nyingi wa duka lile, aliivuta chupa na kujiunga nasi. Yeye alikuwako Guangzhou mwezi wa Aprili 2020, wakati Waafrika walipotolewa majumbani na mahotelini kwa khofu ya korona, hata mabalozi wa nchi za Afrika wakaandika barua ya malalamiko, na mkahawa mmoja wa mji ule ukabandika tangazo kuwa watu weusi hawaruhusiwi kuingia. Wenye mkahawa waliomba radhi baadaye. Yeye alifungiwa chumbani siku kumi na nne. Chakula kilikuwa kikiwekwa mlangoni ndani ya kisanduku, na mara nyingi kitoweo kilikuwa nguruwe, basi akila wali mtupu na tende. Siku ya tano mwenye duka hili la tambi alimpelekea mikate kwa mkono wa mlinzi wa jengo. Hajui hata leo alijuaje alipo. "Ndiyo maana nakula hapa," alisema, "si kwa utamu."

Niliirudia sentensi hiyo usiku ule nilipokuwa nikisoma tena khabari za al-Sinjari. Tumezoea kuzisoma hukumu za wasafiri juu ya chakula kama vile ni khabari za ladha. Mimi naziona ni khabari za dhamana. Mwaka 851 aliyewadhamini wafanyabiashara wetu Khanfu alikuwa kadhi wa Kiislamu aliyewekwa na mtawala wa China mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 870 dhamana ile ilivunjika, waasi wa Huang Chao walipouteka mji na kuwaua wageni. Abu Zayd wa Siraf anataja watu laki moja na ishirini elfu. Katika zama za Ibn Battuta mdhamini alikuwa tajiri mwenye nyumba, na Zhongda ni mpika tambi. Mkahawa ambao msafiri anausifu ni ule ambao ndani yake hakuogopa.

Sasa sehemu ya viwanda vya kushona vya Kangle inahamishiwa Qingyuan, na maduka ya vyakula yatawafuata wateja wao. Jamaa zetu walioanza kununua bidhaa China miaka ya 1990 na 2000 wana khabari za meza kama hizi, wala hawaziandiki, kwa kuwa wanaona ni mambo ya njaa tu. Nawaomba waziandike, na waitaje tarehe na mtaa.

Wanawake wa biashara wametutangulia. Bint ndugu yangu ana kundi lao katika WeChat, na humo hutumiana sauti, si maandishi. Nilimwomba anisikilizishe moja, nikaiandika daftarini kama nilivyoisikia: toka stesheni ya Zhongda, vuka, pita duka la lesi, kibao cha kijani, mwambie bu yao la asikutilie pilipili, usiende Ijumaa adhuhuri kwa sababu wamekwenda kusali, na ndimu beba mwenyewe.