Mwali wa Pwani Kati ya Kungwi na Simu

Kwa Wazaramo wa Kisarawe na jirani zao wa Kibaha, msichana aliyevunja ungo huwa mwali: huwekwa ndani, hukabidhiwa kungwi amfunde, kisha hutolewa kwa ngoma; huo ndio unyago. Zamani kukaa ndani kulidumu miezi, hata miaka, na mwali alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti alichokilea kama mtoto.

Shule iliufupisha muda huo. Mafunzo yaliyohitaji miezi sasa hubanwa katika likizo, lakini sherehe haikupungua, pengine imenenepa. Yapo matarumbeta au muziki wa kukodi, zipo sare, upo utunzaji wa fedha ambao kesho yake husimuliwa mtaa mzima. Simu imeikuta hali hiyo na kuikuza. Mwali aliyefichwa asionekane hata na jirani hutoka nje na kurekodiwa, na video yake huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa watu asiowajua.

Ndiyo maana usemi kwamba mila humfunika msichana na mtandao humvua ni mwepesi mno. Unyago nao hushughulika na mwili, na hilo halikuwahi kuwa siri kwa wanawake wa Pwani. Pande zote mbili humfundisha binti kujitazama kwa macho ya wengine. Tofauti iko kwa anayewajibika: kungwi ana jina na nyumba, na akikosea mama wa mwali hujua pa kumfuata. Mtandaoni hakuna wa kufuatwa.

Hata hivyo, wanaoulaumu unyago kwa ndoa na mimba za utotoni wana hoja. Kumtoa mwali ni kuwatangazia wanaume kwamba amekua, hata kama bado yuko darasa la sita. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kuwa hilo linakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yakaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Kwa upande wa mtandao ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Hizi mbili za mwisho huadhibu baada ya tendo. Hakuna inayomfunda mtu.

Kisarawe imejaribu njia ya bweni, ikiwamo shule ya wasichana iliyopewa jina la Jokate Mwegelo, aliyekuwa mkuu wa wilaya na mwanzilishi wa kampeni ya Tokomeza Zero, ya kufuta daraja sifuri katika mitihani. Bweni humtenga binti na simu pamoja na ngoma wakati wa masomo. Likizo ikifika humrudia vyote viwili kwa mkupuo, mahali ambapo matroni hana kauli.