Kutoka Iziko hadi Sebule: Kuta za Nyumba Huko Buterere

Wengi wetu hufundisha msamiati wa nyumba katika mwaka wa kwanza: sebule, jiko, ukuta, rangi. Picha za vitabuni huonyesha makochi, zulia na televisheni, kisha tunasonga mbele. Makala haya yanamwomba msomaji asimame kidogo kwenye sebule isiyo ya vitabuni, ile ya Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, katika uwanda wa Imbo, karibu na uwanja wa ndege ambao tangu mwaka 2019 una jina la Melchior Ndadaye.

Tuanze na moto. Nyumba ya asili ya Warundi ilikuwa ya mviringo, ya miti na nyasi, na ndani yake palikuwa na iziko. Mzungumzaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja, kwani ni ndugu wa jiko. Vivyo hivyo amashiga ni mafiga yetu. Moto huo ulipika, ukawapasha watu joto kwenye milima ya Muramvya ambako usiku huwa na baridi, na moshi wake ukafukuza wadudu walao nyasi za paa. Lakini moshi huohuo ulijaza nyumba masizi. Nani angehangaika na rangi? Pambo lilikuwa kwenye vitu: mikeka, vibuyu, vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka. (Gisaka, mashariki mwa Rwanda, ni habari nyingine: huko kuta za ndani zilipambwa kwa imigongo, michoro ya samadi ya ng'ombe yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu.)

Pwani, mambo yalikuwa kinyume. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, moto haukuwa na nafasi chumbani. Ukuta ndio uliobeba heshima ya mwenye nyumba. Chumba cha ndani kabisa kilikuwa na safu za zidaka zilizochongwa kwenye lipu, na humo zikawekwa sahani za kaure kutoka Uchina. Zidaka hazikufika Ziwa Tanganyika, ila nyumba ya pembe nne yenye baraza ilifika. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, waliketi barazani. Wajerumani walipoweka kituo chao Usumbura katika miaka ya 1890, askari na wafanyabiashara wenye kusema Kiswahili walijenga hivyo hivyo, na hadi leo Buyenzi ndio mtaa unaojulikana zaidi kwa lugha yetu.

Nyumba ya pembe nne ina ukuta ulionyooka, na ukuta ulionyooka huomba chokaa, picha na kalenda. Moto ukahamia uani, kwenye imbabura ya makaa. Bujumbura iko mita 774 tu juu ya usawa wa bahari na ina joto, kwa hiyo hakuna aliyeukosa.

Buterere ilirithi nyumba hiyo kwa gharama ndogo. Kuta nyingi ni za rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo yaliyokaushwa juani. Asiye na fedha za rangi hubandika kurasa za magazeti, ambazo huzuia vumbi la udongo lisidondoke na kuwapa watoto kitu cha kusoma. Mwenye nacho kidogo hupaka rangi mbili: nyeupe au samawati juu, na nyeusi zaidi chini, usawa wa kiuno, ili matope na alama za mikono zisionekane. Kwa maoni yangu, mstari huo wa rangi mbili una akili kuliko mapambo mengi ya magazeti ya urembo.

Lakini rukarakara na maji havipatani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mvua kubwa ilifurika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, Buterere ikiwemo. Zaidi ya watu 60 walifariki, na nyumba nyingi za udongo ziliyeyuka na kila kilichobandikwa ukutani. Paliposalia ukuta, palibaki mstari wa tatu, wa tope, ambao hakuna aliyeuchagua.

Kwa walimu, hapa pana somo zuri la vitenzi. Tunajenga nyumba, tunakandika udongo, tunapiga lipu, tunapaka rangi. Wanafunzi wapewe vitenzi hivyo bila mpangilio, wavipange kwa utaratibu wa fundi, kisha waulizwe familia iliyorudi Buterere baada ya mafuriko ilianza na kipi.