Tathmini ya mtaa

Tathmini ya mtaa ni uchunguzi wa hali ya maisha katika sehemu moja ya mji, unaofanywa ili kujua huduma zipi zinakosekana, kwa nani na kwa nini. Sensa huhesabu watu. Tathmini huuliza pia wanapata maji kwa bei gani.

Mfano mkubwa Afrika Mashariki ni Mukuru, makazi ya mabanda kando ya eneo la viwanda la Nairobi, yenye kaya zinazokadiriwa kufikia 100,000. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji miji. Takwimu za tathmini zilikusanywa na wakazi wenyewe pamoja na vyuo vikuu na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya aina hiyo. Wataalamu waligawanywa kwa sekta: maji, afya, elimu, makazi, ardhi na nyinginezo.

Matokeo yenye uzito zaidi yalihusu bei. Anayenunua maji kwa mtungi hulipia kila lita zaidi ya mwenye bomba nyumbani, na umeme wa kuunganishwa kiholela nao ni ghali, tena hatari. Hoja kwamba maskini hawawezi kulipia huduma ilikosa msingi: tayari wanalipa, na wanalipa zaidi. Vyoo vya pamoja, vilivyo mbali na nyumba, ni tishio hasa kwa wanawake usiku. Ujenzi wa barabara na miundombinu mingine huko Mukuru ulianza mwaka 2020.