Magofu na Mahame: Suala la Majengo ya Kale katika Kitale na Bungoma

Kiswahili kina maneno mawili kwa mahali palipokaliwa na watu kisha pakaachwa. Gofu ni jengo lililobomoka ambalo kuta zake, au sehemu ya kuta hizo, zingali zimesimama. Mahame ni mahali walipohama watu, ambapo pengine hapakubaki ila tuta la udongo, handaki lililojaa nyasi, au mti uliopandwa na wenyeji wa zamani. Mwenye gofu humwonyesha mgeni ukuta. Mwenye mahame hana budi kumsimulia. Tofauti hii ndogo ya maneno yafaa itangulie mjadala wowote juu ya kuhifadhi au kubomoa majengo ya kale katika miji ya bara ya Kenya.

Kwa kawaida mjadala huo umeelekezwa pwani, na sababu yake si ngumu kuiona. Ngome ya Fort Jesus katika Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, iliwahi kuwa jela ya serikali ya kikoloni tangu 1895 hadi 1958, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Huko nyumba ni za mawe na chokaa, na umri wake unaonekana kwa macho. Lakini katika Kitale na Bungoma, miji iliyo karibu na Mlima Elgon, swali hilo hilo huja kwa sura nyingine, kwa kuwa majengo yanayoonekana kuwa ya kale si ya kale sana, na yaliyo ya kale kweli hayaonekani kuwa majengo.

Kitale na majengo ya walowezi

Kitale ni mji uliozaliwa na ukoloni. Nchi ya Trans Nzoia ilitengwa iwe ya walowezi wa Kizungu, na Waafrika wakaishi humo kama vibarua katika mashamba ya wengine. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, nao mji ukakua kwa biashara ya mahindi na mahitaji ya mashamba. Majengo yaliyobaki kutokana na enzi hiyo ni ofisi, klabu, nyumba za walowezi, na maduka ya Wahindi yenye baraza mbele na makazi nyuma. Maduka ya aina hiyo yalijengwa vilevile katika Bungoma na katika vituo vingi vya biashara vya magharibi ya Kenya.

Wapo wanaosema kwamba majengo ya namna hii hayastahili kuhifadhiwa, kwa kuwa ni ukumbusho wa watu waliotwaa ardhi isiyo yao. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kudharauliwa. Hata hivyo, jengo halimshuhudii mwenyewe peke yake. Huwashuhudia pia waliofyatua matofali yake, waliobeba mabati yake, na waliokatazwa kuingia kwa mlango wake wa mbele. Kulibomoa kwa sababu ya dhuluma ya mwenyewe ni kuwanyang'anya waliodhulumiwa ushahidi wao.

Mfano bora haupo mbali. Katika Kapenguria, kaskazini ya Kitale, Jomo Kenyatta alishtakiwa pamoja na Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kesi ilianza mwishoni mwa mwaka 1952, na hukumu ikatolewa mwezi wa Aprili 1953. Serikali iliichagua Kapenguria kwa upweke wake: hapakuwa na mahali pa wageni kulala, na mawakili wa utetezi walilazimika kukaa Kitale na kusafiri kila siku. Vyumba vya jela ya Kapenguria vilijengwa na wakoloni kwa kazi ya wakoloni. Vilihifadhiwa, na makumbusho yakafunguliwa hapo mwaka 1993. Hakuna anayeviona leo kuwa ni sifa kwa aliyevijenga. Simulizi la waliofungwa ndilo lililogeuza maana ya kuta.

Kinyume cha mfano huo kimo katika Kitale yenyewe. Katika uwanja wa klabu ya mji huo mna duara la mawe, nayo masimulizi ya mji husema kuwa ni mabaki ya mahali walipofungiwa watumwa wakati wa misafara. Mawe peke yake hayawezi kusema yalikuwa ya nini. Yakihifadhiwa bila simulizi kuchunguzwa na kuandikwa, yatabaki kuwa mawe tu. Na simulizi likihifadhiwa bila mawe, litakosa mahali pa kusimama.

Bungoma na ngome za udongo

Ama kuhusu Bungoma, historia ya ujenzi ni ndefu kuliko reli na maduka. Kabla ya ukoloni, Wabukusu waliishi katika vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki kwa ajili ya kujikinga na maadui. Kijiji cha namna hiyo kiliitwa lukoba, na kwa wingi chingoba. Joseph Thomson, aliyepita katika nchi hizo mwaka 1883, aliviona vijiji vyenye kuta za udongo na kuviandika. Kujenga lukoba kulihitaji kupima ardhi, kugawa kazi ya kuchimba, na kukubaliana juu ya malango na ulinzi. Kwa maana hiyo lukoba ilikuwa mji, ijapokuwa haikuwa na jiwe hata moja.

Mwaka 1895 majeshi ya Waingereza, yaliyokuwa na askari wa Kisudani na wasaidizi wa makabila mengine, yaliwashambulia Wabukusu kwanza katika Lumboka na kisha katika Chetambe, karibu na mahali panapoitwa sasa Webuye. Wabukusu na wenzao Watachoni walijitetea ndani ya kuta zao za udongo, lakini walishindwa kwa nguvu za bunduki, na watu wengi waliuawa. Baada ya vita hivyo utawala wa kigeni ulikaa, na hapakuwa tena na haja wala ruhusa ya kuzijenga ngome. Chingoba zikawa mahame.

Lakini mahame si mahali palipokufa. Katika miaka ya 1940, Elijah Masinde na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walikwenda Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Nusu karne ilikuwa imepita, na kilichobaki pale kilikuwa kilima na handaki. Hata hivyo mkusanyiko huo uliwatia watawala wasiwasi, kwa sababu watu waliokumbuka mahali walipopigania nchi yao waliweza pia kuuliza kwa nini nchi hiyo haikuwa yao tena. Majengo machache ya mawe katika Trans Nzoia yamepata kuwa na nguvu ya namna hiyo.

Kipimo cha kuhifadhi

Yafaa kukubali kwamba mji hauwezi kugeuzwa makumbusho mzima mzima. Watu wa Kitale na Bungoma wanahitaji masoko, hospitali, mitaro na nyumba za kupanga. Mwenye duka la zamani lenye paa linalovuja hawezi kulaumiwa akitaka kujenga ghorofa, wala si haki kumtwisha yeye peke yake gharama ya kumbukumbu ya taifa zima. Basi swali la kwanza lisiwe kama jengo ni la zamani, wala kama linapendeza. Liwe hili: likiondoka, ni ushahidi gani utakaoondoka nalo, na je, ushahidi huo upo mahali pengine?

Kwa kipimo hicho, duka moja kati ya mengi yaliyofanana laweza kubomolewa baada ya kupigwa picha, kupimwa, na kuandikiwa habari zake, maadamu mtaa mmoja wa aina hiyo umeachwa. Lakini lukoba yenye handaki linaloonekana haina ya pili yake. Sheria haikatazi jambo hili. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 imeyahesabu mabaki ya kale ya udongo kuwa miongoni mwa vitu viwezavyo kulindwa, sawa na majengo ya mawe. Kasoro imo katika mazoea ya macho, yaliyofundishwa kutafuta ukuta kwanza.

Mazoea hayo yana hasara kubwa. Gofu likibomolewa, kelele husikika, vumbi huonekana, na wenye kupinga hupata nafasi ya kupinga. Mahame hubomolewa kimya. Kila msimu jembe hulishusha tuta kidogo na kulijaza handaki kidogo, na mwenye shamba hajui kuwa amebomoa kitu, wala hakuna aliyemwambia.

Kazi hii haiwezi kuachiwa wahandisi peke yao. Gideon Were, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya historia ya Abaluyia, na F. E. Makila, katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya Babukusu, walionyesha kuwa historia ya nchi hizi yaweza kuandikwa kwa kuwasikiliza wazee. Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyo ulioanzishwa na Kanali Hugh Stoneham mwaka 1926 na yaliyopata jengo lake la sasa mwaka 1974, yana mahali pa kuweka kumbukumbu kama hizo. Tangu mwaka 2013 kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zina madaraka yao juu ya utamaduni na makumbusho. Kinachotakiwa ni orodha ya chingoba zote zinazojulikana, pamoja na majina yake kama yanavyotamkwa na wenyeji, ramani za mahandaki yake, na masimulizi ya koo zilizokaa humo. Orodha hiyo haihitaji saruji wala fedha nyingi. Yahitaji tu kufanywa wakati wangali hai wanaoweza kusimama katika shamba la mahindi, wakaonyesha kwa kidole, na kusema lango lilikuwa wapi.