Bukavu: Wakati gani kununua triko, iniforme na nguo za Bonane bila kupoteza pesa

Mu Bukavu majira ni mbili tu. Mvua inaanza mwezi wa 9 na kuendelea hadi mwezi wa 5, kisha kiangazi kinashika miezi mitatu, tangu wa 6 hadi wa 8. Mji uko karibu metre 1,500 juu ya bahari, kando ya ziwa Kivu, kwa hiyo hata kiangazi asubuhi kuna baridi, na mtoto anayetoka Bagira au Panzi mapema kwenda masomo anahitaji triko. Lakini bei za nguo hazifuati hewa peke yake. Zinafuata kalenda ya watu: rantre, Noeli na Bonane, siku ya wanawake tarehe 8 mwezi wa 3, pamoja na ndoa za kiangazi. Kila mara watu wote wanapotafuta kitu kimoja juma moja, bei inapanda.

Kwa familia nyingi hiyo si hesabu ndogo. Tangu mwezi wa 2 wa 2025, wakati mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, banki zilifunga na pesa ya mkononi ikawa ngumu kupata. Wengi wanapitisha pesa kwa simu, na wakati wa kuitoa kuna makato. Franga elfu kumi zinazopotea kwa triko moja iliyonunuliwa siku mbaya ni unga wa siku kadhaa.

Nguo nyingi zinazovaliwa hapa zinatoka ndani ya balo. Zinakusanywa Ulaya, Marekani, Kanada na hata China, zinashuka kwenye bandari za Dar es Salaam na Mombasa, kisha magari makubwa yanazileta hadi huku. Balo nyingi ni za kilo 45, na kila moja ina aina yake: mashati ya wanaume, nguo za watoto, triko, jaketi. Mama anayeuza anainunua ikiwa imefungwa. Hajui ni nini iko ndani. Anaweza kupata mali ya kweli ao matambara, na deni la depo linabaki lilelile.

Hapo ndipo bei inaeleweka. Siku ya kufungua balo, muuzaji anatoa nguo bora kwanza na kuziuza ghali, sababu anatafuta kurudisha pesa yake mbio. Wanaofika asubuhi hiyo ni wenye maduka na wale wanaotaka kitu kisichovaliwa sana. Siku zikipita, yanayobaki yanamwagwa chini kwenye shiti na kuuzwa kwa bei moja. Kwa hiyo mteja ajiulize anatafuta nini. Jaketi ya kudumu miaka minne? Amuulize muuzaji wake wa Kadutu ao wa Nyawera siku gani anafungua, na afike mapema. Nguo za mtoto za kuchezea mu matope? Angojee mwisho.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawaangalie. Jaketi na triko nzito zinatoka inchi za baridi kali, na zinafika mwaka mzima. Hazingojei mvua ya Bukavu. Mwezi wa 7, jua likiwa kali, muuzaji wa triko ana mali mbele yake na wateja wachache, wakati pesa yake imelala mule. Ndio wakati wa kupatana naye bei. Mwezi wa 10 hatakuwa na sababu ya kupunguza. Tena mvua inaharibu barabara, magari yanachelewa, na hiyo pia inaingia kwenye bei.

Jirani wa Kamembe pia ana mkono wake. Mwaka wa 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo, ambazo kule zinaitwa caguwa (ni neno letu chagua, limeandikwa kinyarwanda), toka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Tangu hapo kuna watu wanaovusha nguo za Bukavu kwa siri kupitia mpaka. Balo nzuri inapata wateja wa pande mbili.

Iniforme ni shuguli nyingine. Masomo ya msingi ni ya bure tangu 2019, lakini shati nyeupe, sketi ao suruali ya bulu na viatu vimebaki juu ya mzazi. Tangu 2022 mwaka wa masomo unaanza juma la kwanza la mwezi wa 9, na juma mbili kabla yake mafundi wa nguo wanajaa. Wanashona usiku, wanakosea vipimo, wanaomba pesa ya juu. Mwezi wa 7 fundi huyohuyo ana nafasi. Mtoto anakua, ni kweli. Fundi aache pindo la vidole vitatu chini na akiba pembeni. Viatu peke yake ndivyo vya kungojea mwisho wa mwezi wa 8, sababu mguu hauna pindo.

Nguo za watoto za Bonane zinaanza kupanda katikati ya mwezi wa 11. Anayeweza, anunue mwezi wa 10. Ao nusu ya pili ya mwezi wa 1, wakati mji mzima umebaki bila pesa, na achukue kipimo kimoja zaidi kwa mwaka unaofuata. Kikwembe cha tarehe 8 mwezi wa 3 hakina ujanja: chenye maandishi ya mwaka hakiwezi kununuliwa kabla, na baadaye hakina kazi sana. Kikwembe cha kawaida kinashuka mwezi wa 4. Kabla ya kulipa, lowesha pembe na uisugue kwa kitambaa cheupe. Kama rangi inatoka, acha.

Mabote ya mvua yanauzwa bei nafuu kiangazi, lakini yale yaliyoanikwa juani miezi miwili yanapasuka. Yakunjwe kwa mkono kwanza, karibu na kisigino. Na triko iliyonunuliwa mwezi wa 7 ikaushwe vizuri na kufungwa ndani ya mfuko, kwani unyevu wa ziwa unaleta ukungu.

Shida inabaki pesa yenyewe: mwezi wa 7 wengi hawana. AVEC nyingi zinagawa akiba mwezi wa 12, saa ileile bei ziko juu kabisa. Kikundi kinaweza kuamua kuanza mzunguko wake mwezi wa 7 ili kigawe mwezi wa 6 wa mwaka unaofuata. Asiye na kikundi anaweza kumwomba muuzaji amuwekee nguo na kulipa kidogo kidogo, akiandika kila malipo kwenye karatasi ambayo wote wawili wanaitia sahihi.